Penseli Ndiyo Refa

Wengi wetu huuona mchezo wa gofu tukiwa barabarani. Ukipita Nyeri au Nanyuki siku ya Jumamosi, waona watu wachache wakitembea majanini nyuma ya kimpira cheupe, vijana wakiwabebea mikoba, nawe wajiambia kwamba hayo ni mambo ya wenye nafasi. Sikulaumu. Hata hivyo, leo nawaomba walimu wenzangu na wanafunzi wetu wanivumilie, kwa maana ndani ya mchezo huo mna jambo linalotuhusu sisi wa chaki na vitabu kuliko tunavyodhani.

Jambo lenyewe ni hili: gofu ya mwisho wa juma haina refa. Kandanda ina mtu mwenye filimbi na wasaidizi wake. Katika gofu, watu watatu au wanne huondoka pamoja, kila mmoja na mpira wake. Viwanja vya miji hiyo miwili vina mashimo tisa, hivyo huzungukwa mara mbili ili kutimiza kumi na manane. Kadi yako huandikwa na mwenzako, nawe huiandika ya mwingine. Lakini mwenzako huyo huenda yuko mbali, ameinama kichakani akitafuta mpira wake mwenyewe. Ulilolifanya nyuma ya mti walijua wewe, Mungu wako, na kijana aliyekubebea mkoba.

Kanuni za kale zaidi zinazojulikana ziliandikwa Leith, Uskochi, mwaka 1744, nazo zilikuwa kumi na tatu tu. Siku hizi ni kitabu kizima, ila msingi haujabadilika. Mpira ukipotea, una dakika tatu za kuutafuta. Kabla ya mwaka 2019 zilikuwa tano. Usipopatikana, wajiongezea pigo moja la adhabu na kurudi ulikopigia. Ukiusogeza kwa mguu wako bahati mbaya ukiwa unajiandaa kuupiga kwenye nyasi ndefu, ni pigo moja, nawe waurudisha mahali pake. Anayetangaza adhabu ni mkosaji mwenyewe. Fikiria, msomaji, mahakama ambayo mshtakiwa ndiye polisi, shahidi na hakimu!

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mvulana wa darasa la saba, nikibeba mikoba Jumamosi katika klabu moja ya mlimani ambayo sitaitaja, ili nichangie karo yangu. Bwana mmoja niliyemtumikia, mtu wa cheo na mwenye sauti ya upole, aliupiga mpira ukatokomea katika vichaka vya ukingoni mwa mto. Tukautafuta. Wenzake wakaanza kutazama saa zao. Akanivuta kando, akasema, “Kijana, macho yako ni mazuri kuliko yangu. Hebu angalia tena.” Akisema hayo alinitia mkononi mpira mwingine wa chapa ile ile.

Hakuniambia la kufanya, nami sikuuliza. Kaptura yangu ilikuwa na mfuko uliotoboka. Mpira uliteremka pajani taratibu, ukatua majanini, tena mahali pazuri pa kupigia. “Nimeuona, mzee!” nikapaza sauti. Wenzake walishangilia bahati yake. Jioni alinilipa mara mbili ya ujira wangu, mama akanunua sukari na mafuta ya taa. Sitadai kwamba sukari ile ilikuwa chungu.

Kanuni zasema kosa la mbeba mkoba ni kosa la mchezaji. Kwa hiyo, kwa sheria, udanganyifu ule ulikuwa wake. Lakini kanuni hazina kifungu juu ya mvulana aliyerudi nyumbani akijua kwamba wakubwa huheshimiwa kwa kadi zilizoandikwa namna hiyo. Aghalabu uongo wa mkubwa hubebwa na mdogo, na mdogo huyo hufundishika upesi mno. Mji wa Nyeri, kwa njia, ndipo alipozikwa Baden-Powell mwaka 1941, mzee aliyewafundisha maskauti kuapa kwa heshima yao. Nami nilikuwa skauti wakati huo.

Gofu ina watakatifu wake. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, Bobby Jones, mchezaji wa ridhaa, aliona mpira wake ukitikisika nyasini alipokuwa akijiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Wasimamizi walimwachia uamuzi, akajihesabia pigo. Mwishowe alitoka sare na Willie Macfarlane, na baada ya mizunguko miwili ya ziada akashindwa kwa pigo moja. Watu walipomsifu alikasirika; kwake ilikuwa kama kumsifu mtu kwa kutoiba benki. Naye Roberto De Vicenzo wa Argentina, mwaka 1968 kule Augusta, alitia sahihi kadi ambayo mwenzake alikuwa amemwandikia nne mahali alipopiga tatu. Kanuni ni kali: ukitia sahihi idadi ndogo kuliko ya kweli, waondolewa mashindanoni, ukitia iliyo kubwa, wabaki nayo. De Vicenzo akapoteza nafasi ya kucheza duru ya kuamua mshindi. Hakuwa mwongo hata kidogo, alikuwa tu hakuisoma kadi yake. Wanafunzi wanaokabidhi karatasi ya mtihani bila kuipitia wamtafakari.

Hata hivyo, mwizi hatari zaidi wa gofu ya ridhaa si yule wa mpira mfukoni. Ni yule anayejifanya dhaifu. Kila mchezaji hupewa handikapu, yaani mapigo ya kupunguziwa ili mnyonge na hodari washindane kwa haki. Mwenye handikapu 20 akipiga mapigo 92, huhesabiwa 72. Tangu mwaka 2020 kuna mfumo mmoja wa dunia unaokokotoa handikapu kwa matokeo bora manane kati ya ishirini ya mwisho. Sasa mtu ambaye uwezo wake halisi ni 12 huharibu kadi zake siku zisizo na zawadi, akakosa mashimo ya wazi kusudi, hadi apewe 20. Siku ya zawadi akacheza kwa nguvu zake zote, na yule karani wa posta aliyejitahidi mwaka mzima akarudi nyumbani mikono mitupu. Huyu hakuvunja kanuni mbele ya mtu. Ameiba kwa unyenyekevu.

Walimu wenzangu wameshatambua ninakoelekea. Tangu mwaka 2016 Tume ya Huduma za Walimu imetutaka tujiwekee malengo na kujipa alama wenyewe, kisha msimamizi athibitishe. Mchezaji na mwandishi wa kadi, basi! Nimekaa katika vyumba vya walimu ambamo mtu aliliweka chini lengo la wastani wa darasa lake, akijua fika kwamba watoto wana uwezo zaidi, ili mwisho wa muhula aonekane ameruka juu. Nimeshuhudia pia alama za tathmini za shuleni, zile zinazotumwa kuchangia matokeo ya Gredi ya Sita, zikiandikwa jioni moja kwa kalamu moja. Watoto walikuwa wakitazama.

Nilipostaafu, rafiki alinikaribisha uwanjani Nyeri, nikajifunza uzeeni mchezo niliokuwa nikiubeba begani. Siku moja, katika shimo la saba, fimbo yangu iligusa nyasi nyuma ya mpira nao ukajongea upana wa kidole. Nikamwita mwenzangu aniongezee pigo. “Mwalimu, kwani nani ameona?” akauliza akicheka. Sikuwa karibu na zawadi yoyote siku hiyo, kwa hiyo uaminifu wangu haukunigharimu kitu. Tena, kabla ya kuita, nilikuwa nimemtazama kwanza kijana aliyebeba mkoba wangu. Alikuwa ameona. Kama angekuwa ametazama mlima, sijui ningeita.