Geuza jani, geuza lenzi: Yai la kipepeo lina habari

Uko nyumbani Bungoma, Jumamosi, bando limeisha na jua limepanda. Kando ya ua kuna mlimau. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anatua kwenye jani changa, anakunja tumbo kwa sekunde moja, kisha anaenda zake. Wengi wetu humkimbiza na simu. Wewe mwache aende. Angalia jani.

Hapo ameacha yai moja la mviringo, la manjano hafifu, upana wake kama milimita moja. Wanasayansi humwita kipepeo huyo Papilio demodocus, na hutaga yai moja moja kwenye majani ya milimau, mindimu na michungwa. Kwa macho utadhani ni punje ya mchanga. Likuze kwenye picha, utaliona kama ushanga. Ukirudi kesho na kesho kutwa, utaona rangi ikigeuka kadiri kiwavi anavyokua ndani.

Kila kipepeo ana mtindo wake. Yule wa viazi vitamu, Acraea acerata, hutaga mamia ya mayai pamoja kwenye jani moja. Mayai ya Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa, yana mistari iliyosimama wima kama mbavu. Ukizoea, yai litakupa dokezo la nani alipita hapo.

Vifaa vya mfuko wa kijana

Usitishwe na bei za lenzi za madukani. Kama una kamera ya wanaoanza, ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo inatosha. Nunua pete ya kugeuzia, kisha ifunge lenzi nyuma mbele. Kwenye 18, lenzi iliyogeuzwa hukuza zaidi ya mara mbili. Maana yake ni kwamba yai la milimita moja litachukua zaidi ya milimita mbili kwenye sensa ya kamera.

Huna kamera? Tafuta kilenzi cha kubana kwenye simu. Au mwombe fundi wa redio akutolee kile kilenzi kidogo kilicho ndani ya mashine mbovu ya DVD, ukibandike mbele ya kamera ya simu. Si mchezo, kinafanya kazi.

Shida itakuja hapa: ukikuza hivyo, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba mno. Kilele cha yai kikionekana safi, pembeni kunakuwa na ukungu. Dawa yake ni kupiga picha nyingi, hata 20 au 30, ukisogeza kamera kidogo sana kila mara, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta. Ziko za bure.

Usishike kamera mkononi. Iweke juu ya vitabu na utumie kipima muda cha sekunde mbili, maana hata kidole chako kinaitikisa. Bodaboda ikipita, ngoja. Upepo ukivuma, ngoja. Mwanga wa tochi upitishe kwenye karatasi nyembamba nyeupe ili usichome yai kwa mng'ao. Mwisho, piga picha ya rula kwa mpangilio uleule, ili ujue ukubwa halisi wa ulichokiona.

Kitale walianza zamani

Kama unadhani haya ni mambo ya wageni tu, panda matatu hadi Kitale. Mwaka 1926, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa wadudu, alianzisha makumbusho yake huko. Alifariki mwaka 1966, na mkusanyiko wake ukawa mwanzo wa Makumbusho ya Kitale, ambayo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1974. Ndani utaona wadudu waliokaushwa na kuchomwa pini. Nje kuna njia ya kutembea kwenye msitu wa asili, na huko majani ni mengi. Mkusanyaji wa enzi hizo ilibidi aue ili aweke. Wewe piga picha, uliache yai lianguliwe.

Sasa twende shambani

Kitale na Bungoma ni mahindi, na mahindi ndiyo karo ya wengi wetu. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika walithibitishwa nchini, na mashamba ya pande hizi yakawa kati ya ya kwanza kuumia. Mama yao ni nondo, binamu wa kipepeo anayeruka usiku. Hutaga mayai kati ya 100 na 200 kwa fungu moja, akayafunika kwa manyoya kama ukungu. Kukiwa na joto, huanguliwa kwa siku mbili au tatu tu. Baada ya hapo viwavi huingia kwenye moyo wa mmea, na kuwafikia kwa dawa kunakuwa vigumu.

Kwa hivyo muda wa kuwapata kirahisi ni wakati wa yai. Ukiona fungu lile, liponde kwa vidole na umeokoa mimea kadhaa bila kununua chochote.

Lakini kwanza kuza picha. Kuna nyigu mdogo sana, Telenomus remus, anayetaga ndani ya mayai ya nondo huyo. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kuwa yupo Afrika, Kenya ikiwemo. Yai aliloliingia huwa jeusi lote. Yai la kiwavi anayekaribia kutoka nalo hugiza, ila kwenye picha nzuri utaona doa la kichwa chake chini ya ganda. Ukiponda yale meusi, umeua askari wako mwenyewe.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho ya mama au shangazi anayepalilia tangu alfajiri. Kwenye simu yako inaonekana.

Basi ukienda ushago wikendi hii, geuza majani machache. Piga picha, kuza, kisha itume kwenye grupu la familia kabla mtu hajatumwa mjini kununua dawa.