Pleti Namba ya Mbele kwenye Gari la Umeme

Tangu baba mdogo aagize Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, mafundi wa mtaani wamegawanyika: mmoja kashika drili, mwingine hataki hata kuligusa, eti litampiga shoti.

Huyu wa shoti nilimtuliza. Bampa ni plastiki, na umeme wa betri kubwa haukuunganishwa na bodi kama ule wa betri ndogo ya volti 12. Wa drili ndiye aliyenitia wasiwasi.

Chanzo ni saizi. Pleti ya Japani ni milimita 330 kwa 165. Yetu ya mbele ni ndefu na nyembamba, hivyo matundu hayaoani. Sasa, Leaf inachajiwa puani, juu kidogo ya pleti, na kutoka hapo nyaya nene za rangi ya chungwa zinaingia ndani. Rangi hiyo maana yake volti kubwa, mamia. Kutoboa bampa bila kujua nyuma yake kuna nini ni kamari, jamani.

Tulichofanya: tulikata kipande bapa cha alumini, tukakifunga kwa skrubu fupi kwenye matundu yaleyale ya Kijapani. Matundu ya pleti yetu tuliyatoboa kwenye alumini, mezani, si kwenye gari.

Kabla ya kukaza, fungua kifuniko cha chaji mpaka mwisho uone kama kinagusa pleti. Usizibe pia nafasi za hewa chini. Gari halina injini, lakini rejeta linayo, ya kupoza mota.