Kuvuna Swala Badala ya Kufuga Ng'ombe

Je, swala wa porini aweza kumlisha mtu kama ng'ombe? Tutazame uwanda wa Athi, karibu na Nairobi. Nchi ile ni kavu. Ng'ombe hutaka maji kila mara, na wakizidi, majani huisha, udongo hubaki wazi. Lakini swala granti hukaa siku nyingi bila kunywa. Maji huyapata ndani ya majani anayokula. Kongoni naye huishi hata kwa nyasi zilizokauka.

Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo, baadaye baadhi ya wenye mashamba walipewa leseni ya kuvuna wanyama. Kuvuna si kuwinda ovyo, jamani. Wanyama walihesabiwa kwanza, kisha ikaruhusiwa sehemu ndogo tu ya kundi, ili watakaozaliwa wazibe pengo. Nyama ilikaguliwa, ikauzwa hotelini Nairobi.

Basi mbona kazi hiyo ilisimamishwa mwaka 2003? Usimamizi ulikuwa hafifu. Nyama ya halali na ya wizi, ikishakatwa, hufanana. Na sisi twaona shida nyingine. Swala hana zizi. Leo anakula kwa huyu, kesho kwa yule, lakini aliyelipwa alikuwa mwenye leseni tu.