Umbali wa Angani kati ya Mwanza na Bukoba

Umbali wa angani kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kiwanja cha Mwanza kiko takriban digrii 1.11 kusini mwa kile cha Bukoba, na digrii 1.11 mashariki yake. Karibu na Ikweta, digrii moja ya latitudo au ya longitudo ni kilometa 111 na ushei. Hivyo kila upande una kilometa 124 hivi. Kwa kanuni ya Pythagoras, mshazari wake ni kilometa 175, nao wapita juu ya Ziwa Victoria. Barabara, ambayo hulizunguka ziwa, ni zaidi ya maradufu.

Hata hivyo, rubani hachukui mafuta ya kilometa 175 pekee. Sharti awe na akiba ya kungoja angani endapo mvua au ukungu umefunika kiwanja, na ya kugeukia kiwanja kingine. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Ndiyo maana hesabu ya safari, hata iwe fupi, huanzia kwenye ramani na kuishia kwenye taarifa ya hali ya hewa.