"Mili": Je, ni Elfu au Sehemu ya Elfu?

Chupa za dawa, rula za shule na vyombo vya kupimia mvua huandikwa maneno yanayoanza na "mili": miligramu, mililita, milimita. Asili yake ni "mille", neno la Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maana yake ni elfu. Lakini neno hilo halitumiki kwa namna moja kila mahali.

Katika safari, Warumi walihesabu hatua 1,000, kila hatua ikiwa ni ya mguu wa kushoto na wa kulia pamoja. Umbali huo ndio asili ya jina la maili. Katika hesabu, Waitalia walilikuza neno hilo likawa "elfu kubwa", ndiyo milioni, yaani elfu mara elfu. Katika elimu ya viumbe, jongoo aliitwa mwenye miguu elfu, ingawa majongoo karibu wote hawafikii hesabu hiyo. Mwaka 2021 ndipo ilipotangazwa aina ya kwanza iliyoipita: jongoo wa Australia mwenye miguu 1,306.

Katika vipimo mambo yaligeuka. Mwaka 1795 Wafaransa walitunga sheria kwamba neno la Kigiriki, "kilo", lizidishe mara elfu, na la Kilatini, "mili", ligawe kwa elfu. Basi yote mawili asili yake ni elfu, lakini moja hupanda na jingine hushuka. Gramu 1,000 ni kilo moja; miligramu 1,000 ni gramu moja tu.

Jambo hili lina hatari yake. Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe. Mililita ni kiasi cha maji yanayoichukua. Tuseme chupa imeandikwa miligramu 100 katika kila mililita 5, na daktari ameamuru mtoto apewe miligramu 50. Kipimo cha haki ni mililita 2.5. Mzazi akikosea akapima mililita 50, mtoto atakunywa dawa mara 20 ya ile aliyoandikiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumimina dawa, yafaa neno lisomwe mpaka mwisho wake, maana mwanzo wake peke yake hautoshi. Lisipofahamika, hapana aibu kumwuliza daktari au mwuza dawa.