Mwanafunzi Ampimapo Mwalimu Wake

Zamani mwalimu ndiye aliyeshika mizani, na mwanafunzi ndiye aliyepimwa. Huku kwetu Pwani, mzazi alipompeleka mwanawe chuoni, nasema chuo cha Kurani, alimkabidhi mwalimu kwa maneno mafupi: nyama ni yako, mifupa ni yangu. Maneno yakaisha hapo. Hakuna mtoto aliyeulizwa kama mwalimu alifundisha vyema au vibaya, kama aliwahi au alichelewa, wala kama sauti yake ilifika mwisho wa jamvi. Akitokea mtoto wa kuyasema hayo, jibu lake lilikuwa limetundikwa ukutani, nalo ni bakora.

Leo mizani imegeuzwa. Katika vyuo vikuu vya Marekani, muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi hupewa fomu ili nao wamtilie mwalimu wao alama. Huulizwa kama alikuja kwa wakati, kama alieleza yakaeleweka, kama aliwaheshimu, kama kozi yake ina faida. Mwisho wa fomu huachiwa nafasi tupu, mwanafunzi aandike alilo nalo moyoni bila ya kutaja jina lake. Vyuo vikuu vingi vya kwetu Kenya navyo vimeishika desturi hiyo.

Je, ni jambo la haki? Ili tusipotee katika maneno mengi, ndugu msomaji, natumtwae mwalimu wa aina moja tu awe mfano wetu: profesa mwanamke wa Kimarekani afundishaye taaluma ya mawasiliano. Sina mtu maalumu ninayemlenga. Nimemchagua huyu kwa sababu kazi yake ni kufundisha watu kusema, na ndiye pia asemwaye sana.

Kozi ya kusema

Taaluma hii si ngeni huko. Mnamo mwaka wa 1914, walimu 17 wa kufundisha hotuba walijitenga na wenzao wa lugha ya Kiingereza wakaanzisha chama chao. Hoja yao ilikuwa kwamba kusema mbele ya watu ni elimu kamili, yenye kanuni zake, wala si mkia wa elimu ya kuandika. Chama hicho kingaliko hadi leo, nacho huitwa National Communication Association. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe atasomea uhandisi au uuguzi, hulazimika kuichukua kozi ya kuhutubia.

Waama, hapo ndipo penye moto. Kijana wa miaka kumi na minane husimamishwa mbele ya wenzake, magoti yakigongana, atoe hotuba ya dakika tano. Profesa ameketi nyuma ya darasa na kalamu yake. Anaandika kwamba kijana ametazama chini mno, amesema mbio mno, ushahidi aliouleta haukutosha. Mwalimu wa hesabu akikwambia umekosea, amekosoa hesabu. Mwalimu wa kusema akikwambia umekosea, wewe wasikia kwamba amekukosoa wewe, ulimi wako na haya yako.

Basi maoni ya wanafunzi juu ya mwalimu kama huyu aghalabu huja kwa makundi mawili. Wapo wamshukuruo, wakisema waliingia darasani wakiogopa hata kutaja majina yao, wakatoka wakiwa watu wa kusimama na kunena. Na wapo wamlaumuo, wakisema ni mkali wa alama, kazi zake nyingi, ati kozi yenyewe ni ya kusema tu, kwani nani asiyejua kusema? Walioketi katika darasa moja, wakamsikiliza mtu mmoja, hutoka na watu wawili. Sasa mkuu wa idara amwamini nani?

Mambo ya kale

Mtu asidhani kwamba mwanafunzi kumpima mwalimu ni uzushi wa siku hizi. Katika chuo kikuu cha Bologna, Italia, zama za karne ya 13 na ya 14, wanafunzi ndio waliokuwa mabwana. Walikuwa watu wazima, wengi wao wageni waliotoka mbali kuja kusoma sheria, nao ndio waliowalipa walimu. Profesa aliyechelewa kuanza darasa alitozwa faini. Aliyepitisha wakati pia alitozwa. Hakuweza kukosa hata siku moja bila ya ruhusa, na wakihudhuria wanafunzi pungufu ya watano katika darasa lake la kawaida, alihesabiwa kuwa hakuja, akatozwa vilevile.

Fomu za leo lakini zina asili ya karibu zaidi. Mnamo 1927 Hermann Remmers, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana, alitunga na mwenzake kipimo cha wanafunzi kuwatilia alama walimu wao. Tangu hapo desturi ilienea chuo baada ya chuo. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wa Marekani walipodai kusikilizwa katika kila jambo, ilitia mizizi kabisa.

Daktari asiye daktari

Walakini hapo hapo, wakati fomu zikienea, kilitokea kisa cha kuchekesha na kufunza. Mnamo 1970 wataalamu watatu walimtwaa mwigizaji, jina lake Michael Fox, wakamvika sifa za uongo, wakamtambulisha kuwa ni Dakta Myron Fox, bingwa wa kutumia hesabu katika mafunzo ya madaktari. Mtu yule hakujua lolote katika somo hilo. Alifunzwa kusema kwa madaha, kutia mzaha, kujipinga mwenyewe na kutumia maneno makubwa yasiyo na maana. Waliomsikiliza, baadhi yao ana kwa ana na wengine katika filamu, walikuwa watu 55 kwa jumla, na si watoto: walikuwa madaktari wa akili, wataalamu wa saikolojia na walimu wenye shahada zao. Walipopewa fomu, wengi walimsifu. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 1973, na tangu siku hizo wasomi wamelipa jambo hili jina la mwigizaji yule.

Wahenga walinena, si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Ikiwa madaktari walirogwa na ulimi mtamu, kijana wa mwaka wa kwanza atanusurika vipi?

Jibu moja lilitoka katika chuo cha jeshi la anga la Marekani, huko Colorado. Chuo hicho kina tabia iliyowafaa watafiti: wanafunzi hawachagui walimu, hugawanywa kama karata, na walio katika kozi moja hufanya mtihani mmoja. Scott Carrell na James West walizipitia hesabu za wanafunzi zaidi ya 10,000, wakachapisha matokeo mnamo 2010. Waliona kwamba walimu waliopendwa, wanafunzi wao walifanya vyema katika mtihani wa kozi ile ile. Lakini walipoingia kozi iliyofuata, ile inayojengwa juu ya ya kwanza, walirudi nyuma. Na walimu ambao hawakupewa alama nzuri ndio ambao wanafunzi wao walisimama imara baadaye.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mwanafunzi husema ya leo, na elimu hudhihirika kesho. Dawa chungu haisifiwi na aliye kitandani. Husifiwa na aliyepona.

Mzani wa mwanamke

Sasa tumrejee profesa wetu, maana nilisema ni mwanamke, na sikulisema bure.

Katika Chuo Kikuu cha jimbo la North Carolina watafiti watatu, Lillian MacNell na wenzake, walifanya jaribio walilolichapisha mwaka wa 2014. Walikuwapo walimu wasaidizi wawili, mume na mke, wa kozi ifundishwayo kwa kompyuta, ambapo mwanafunzi hamwoni mwalimu wake kwa sura. Kila mmoja alipewa makundi mawili ya wanafunzi. Kwa kundi moja alitumia jina lake, kwa kundi la pili alitumia jina la mwenzake. Hivyo mwanamke akajulikana na baadhi kuwa ni mwanamume, na mwanamume akajulikana na baadhi kuwa ni mwanamke. Kazi zilisahihishwa na kurejeshwa kwa wakati mmoja kwa wote. Wanafunzi walipoulizwa kama mwalimu alirejesha kazi kwa haraka, waliyedhani ni mwanamume walimpa wastani wa alama 4.35 katika tano. Waliyedhani ni mwanamke walimpa 3.55. Wanafunzi waliopimwa walikuwa 43 tu, nami sisemi jaribio dogo kama hilo limemaliza mjadala. Lakini tazama kilichopimwa: si utamu wa sauti wala uzuri wa hoja, ni saa. Hata saa ya mwanamke ilionekana imechelewa.

Mwaka wa 2015, Ben Schmidt wa chuo kikuu cha Northeastern, Boston, aliyakusanya maoni milioni 14 ambayo wanafunzi waliyaandika katika tovuti ya Rate My Professors, iliyofunguliwa mnamo 1999. Neno la kusema huyu ni mahiri kupindukia, au huyu anachekesha, liliwaendea zaidi wanaume. Neno la kusema huyu ni mkali, huyu anajitia ubosi, liliwaendea zaidi wanawake. Tena kwa miaka mingi tovuti hiyo ilimruhusu mwanafunzi kumtilia mwalimu wake alama ya pilipili, maana yake kwamba ana sura ya kuvutia. Iliondolewa mwaka wa 2018, baada ya walimu kupaza sauti. Pilipili iliyo shamba yakuwashiani, twasema sisi. Hii haikuwa shamba, ilikuwa usoni mwa mtu aliyekuja kufundisha.

Mtu asinijie na hoja kwamba mwanamke kufundisha kunena ni jambo jipya. Hapa petu, mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wa nasaha ambao hadi leo husomwa na wasomi, wake kwa waume. Hakuna aliyemtilia pilipili.

Chakula cha mtu

Huenda ukasema, maneno ya wanafunzi ni upepo, yaache yapite. Laiti ingekuwa hivyo. Kozi za mwaka wa kwanza huko Marekani, ikiwamo hiyo ya kuhutubia, hufundishwa sana na walimu wa mkataba wa muhula mmoja au mwaka mmoja. Mkataba unapokwisha, mkuu wa idara hufungua jalada, na mara nyingi analolikuta humo ni hizo alama. Nne na nusu, karibu tena. Tatu na robo, kwaheri. Basi mwalimu naye ni mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba. Akiona ukali wamponza, atalegeza. Hotuba sita zitakuwa nne, alama ya chini itapanda, na kijana aliyetakiwa afunzwe kunena atatoka na cheti akiwa bado bubu. Hapo aliyeumizwa si mwalimu peke yake.

Yako mahali ambapo jambo hili lilifikishwa mbele ya mwamuzi. Mjini Toronto, Kanada, walimu wa chuo kikuu kilichokuwa kikiitwa Ryerson walishtakiana na chuo chao, na mnamo 2018 mwamuzi William Kaplan akatoa uamuzi: alama za wanafunzi zisitumiwe kupima ubora wa ufundishaji pale mwalimu anapofikiriwa kupandishwa cheo au kuthibitishwa kazini. Hakusema wanafunzi wanyamazishwe. Alikiri kwamba yapo mambo ambayo wao ndio wayajuao kuliko mtu yeyote.

Nami naona hapo ndipo penye ufunguo. Mbele ya kadhi shahidi huulizwa aliloliona kwa macho yake na alilolisikia kwa masikio yake. Haulizwi hukumu iwe nini. Mwanafunzi naye ni shahidi. Anajua kama mwalimu alikuja au hakuja. Anajua kama kazi yake ilirejeshwa ikiwa na maelezo au ikiwa na mstari mwekundu mtupu. Anajua kama alipouliza swali alijibiwa au alidharauliwa, na kama mwalimu alimtaka jambo lisilo la heshima. Hayo ayaseme, tena asikilizwe, kwani chuo kisichosikiliza hayo ni kile cha bakora ukutani. Lakini kama mwalimu aijua elimu yake, hilo waulizwe wajuzi wenziwe, waje waketi darasani, wazisome hotuba walizozisahihisha. Na kama elimu ilikaa, aulizwe mwanafunzi yule yule baada ya miaka mitano, siku atakaposimama mbele ya watu na ulimi wake usikwame.

Wakuu wa vyuo vyetu, mnaokusanya fomu hizo kila muhula, mnaona je? Nimeufunga usemi wangu kwa ubeti mmoja:

Mwanafunzi ni shahidi, aulizwe aonalo,
Asiongeze zaidi, anene alijualo,
Kadhi naye asizidi, alipime lisemwalo,
Mizani ikiwa sawa, haki haitapinduka.