Somo la Redio: Kushiba Bila Nyama

Wenyeviti wa vikundi, hakikisheni kila mtu ameketi mahali pa kusikia vizuri, na mwandishi wa kikundi awe na kalamu yake tayari. Leo tutazungumza habari za chakula, na hasa swali moja: mtu aliyezoea nyama kila siku afanye nini ili aipunguze, au aiache kabisa, na bado aondoke mezani ameshiba?

Kwanza tuulize, kwa nini aipunguze? Wengine hushurutishwa na bei, wengine na dini au dhamiri, na wengine hushauriwa na daktari. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba nyama za viwandani, kama soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu yaelekea nayo husababisha. Wataalamu hushauri mtu mzima asizidishe gramu 350 mpaka 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa juma. Mtu apitaye kwenye nyama choma kila jioni huvuka kiasi hicho kabla juma halijafika katikati.

Lakini tahadhari. Maneno haya hayamhusu mtoto apataye kipande cha nyama mara moja kwa mwezi. Huyo asinyimwe hata kidogo. Twasema na mtu mzima alaye nyama nyingi.

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Mara nyingi mtu huacha nyama Jumatatu, na Alhamisi huirudia. Ukimwuliza sababu, atakujibu, "Sishibi. Nikila mchana, saa kumi tumbo linanguruma." Mtu huyo hasemi uongo. Tazameni sahani yake: ameondoa nyama, akabakiza ugali na mchicha. Hakuweka kitu mahali pa nyama. Ni kama kung'oa nguzo ya nyumba na kutumaini kwamba paa litasimama lenyewe.

Nyama ilikuwa ikifanya kazi gani? Ilileta protini, yaani chakula cha kujenga mwili, na protini humfanya mtu akae muda mrefu bila njaa. Pia ilileta mafuta, ambayo hukaa tumboni. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa, isiyo na mafuta mengi, zina protini kama gramu 26. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina kama gramu 2 tu. Mchicha ni chakula bora cha kulinda mwili, lakini si badala ya nyama.

Badala ya nyama ni jamii ya kunde: maharagwe, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe, na karanga pia. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina protini kama gramu 8 au 9. Basi kijiko kimoja pembeni mwa sahani hakitoshi. Maharagwe yawe chakula chenyewe, yasiwe kitoweo cha kuonja. Tena yana nyuzinyuzi nyingi, ambazo nyama haina kabisa, na hizo nazo huchelewesha njaa.

Tufanye hesabu pamoja. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji protini karibu gramu 50 kwa siku. Andikeni:

Unga wa dona gramu 200: protini kama gramu 16.
Maharagwe makavu gramu 120, yaani makonzi matatu hivi: kama gramu 26.
Karanga gramu 30, yaani konzi moja dogo: kama gramu 7.

Jumla ni gramu 49. Mnaona? Tumekaribia kabisa, na hatujataja nyama, maziwa wala yai. Lakini protini ya mimea huyeyushwa kwa shida kidogo kuliko ya nyama, kwa hiyo usipime kwa ubahili.

Mahindi na maharagwe husaidiana. Mahindi yana upungufu wa sehemu moja ya protini iitwayo laisini, na maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe nayo yamepungukiwa na methionini, na mahindi huiongeza. Ndiyo maana kande la Wapare na githeri ya Wakikuyu ni chakula kamili, ingawa waliovianza hawakupima chochote katika maabara. Vivyo hivyo mbaazi za nazi zinazoliwa na mahamri huko pwani. Na Waethiopia wa Kanisa la Orthodox, ambao hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, hushiba kwa mchuzi mzito wa dengu juu ya injera.

Sasa mapishi. Loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya. Kuloweka hupunguza gesi tumboni na huokoa kuni au mkaa. Kisha yachemshe kwa moto mkali, yatokote barabara walau dakika kumi, ndipo upunguze moto mpaka yaive. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya kutapisha na kuharisha. Magadi huharakisha kuiva, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Kuloweka ni bora zaidi. Mwisho unga kwa kitunguu kilichokaangwa mpaka kiwe cha kahawia, nyanya, kitunguu saumu na tangawizi, kisha tui la nazi au karanga zilizotwangwa. Usiyaunge kwa chumvi peke yake, halafu ukashangaa mzee wa nyumba akiulizia nyama.

Usibadili yote kwa siku moja. Juma la kwanza, punguza nyama ya mchuzi nusu, na nusu ile uijaze maharagwe au dengu. Juma la pili, chagua siku mbili zisizo na nyama. Endelea hivyo, na tumbo litazoea.

Yako mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni madini ya chuma. Yaliyomo katika mimea huingia mwilini kwa shida, lakini ndimu, chungwa au nyanya husaidia. Chai huzuia, ngoja saa moja baada ya kula ndipo unywe. La pili ni vitamini B12, ambayo haimo katika mimea. Anywaye maziwa na kula mayai huipata. Asiyegusa vyote hivyo hana budi kutumia vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, kwani upungufu wake huleta uchovu na ganzi ya miguu, na ukichelewa mishipa ya fahamu huharibika. La tatu: mama mjamzito, mtoto mchanga na mgonjwa wa figo wasibadili chakula kabla ya kumwona mganga wa hospitali.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika nyumba zenu, nani huamua chakula cha siku, na nani hulalamika kisipokuwa na nyama?
2. Piga hesabu ya bei ya kilo moja ya nyama na kilo moja ya maharagwe katika soko lenu. Tofauti ingeweza kununua nini?
3. Mgeni wa heshima akija, mnaweza kumwandalia kande la nazi bila kuona haya? Toeni sababu.

Kazi ya juma hili: kila mmoja apike nyumbani chakula kimoja kisicho na nyama, aandike saa aliyokula na saa aliyoona njaa tena. Leteni maandishi hayo katika mkutano ujao wa kikundi. Kwa leo tumefika mwisho. Kwaherini, na mle mshibe.